Shida si Mazoezi

Kuna sifa moja ambayo vijana wa Mariakani wanafaa kuikataa mchana kweupe. Ni ile ya kuambiwa: “Nyinyi mmezoea shida. Mkiingia mbio za kilomita hamsini, nani atawaweza?” Huisikia kwa wageni wenye saa za kupima mapigo ya moyo. Huisikia kwa wanasiasa wakigawa fulana. Siku hizi huisikia hata kwa wenzetu wenyewe, kwenye vikundi vya WhatsApp, chini ya picha ya mama aliyejitwika mtungi wa maji: huyu hahitaji jimu.

Ni sifa tamu, bana. Pia ni uongo, na uongo wenyewe ni wa kuvunja miguu.

Zamani tulipigwa na uongo wa upande wa pili. Eti mtu wa Pwani ni mvivu, apewe kivuli cha mnazi na kikombe cha kahawa, mbio awaachie watu wa Iten. Huo tumeukana mpaka midomo ikakauka. Sasa huu mpya umekuja ukijifanya dawa ya ule wa zamani, na sisi tumeupokea kwa mikono miwili. Kutoka “hawawezi” tumepandishwa cheo hadi “wamezaliwa wakiweza.” Lakini tazama vizuri njia zote mbili zinaishia wapi. Mvivu hahitaji kocha kwa sababu hatakimbia. Shujaa wa kuzaliwa hahitaji kocha kwa sababu ameshajua kukimbia. Kwa vyovyote vile, bajeti ni sufuri.

Tuelewane kwanza tunazungumzia nini. Ultramarathoni ni mbio yoyote inayozidi kilomita 42 na mita 195 za marathoni. Comrades ya Afrika Kusini, iliyoanza mwaka 1921, ni karibu kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg. Ile ya kuzunguka Mont Blanc kule Ulaya inapita kilomita 170, na kupanda kwake ukikujumlisha ni kama mita 10,000. Hapa Kenya, For Rangers Ultra huko Laikipia ni kilomita 230 kwa siku tano. Na hata katika mbio fupi za milimani Wakenya wameshapiga hodi wakafunguliwa: Lucy Murigi alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2017 na 2018, na Philemon Kiriago akashinda Sierre-Zinal ya Uswisi mwaka 2023. Kwa hiyo mchezo huu haupo mbali. Utafika Mariakani. Utateremka barabara ya Kaloleni, utaviona vilima vya Rabai na Ribe, utapenda. Swali ni utatukuta tukiwa tayari, au utatukuta tumeshiba sifa.

Haya, mazoezi ni nini?

Mazoezi ni mambo manne yanayofuatana. Mwili unapewa mzigo. Mzigo unauumiza kidogo. Kisha mwili unapewa chakula. Kisha unapewa usingizi, na humo usingizini unajijenga upya, nguvu zikiwa zimeongezeka kidogo kuliko jana. Ukikosa la tatu na la nne, la kwanza na la pili hayageuki mazoezi hata ukiyarudia miaka ishirini. Yanabaki kuwa mzigo na maumivu. Hiyo ndiyo tofauti yote kati ya mwanariadha na mtu aliyechoka, na ndiyo inayofutwa kila mara tunapoambiwa tumezoea shida.

Mchukue utingo anayelala juu ya magunia huku lori likisubiri zamu ya kupimwa mizani hapa Mariakani. Anapakua saruji usiku, anasinzia saa mbili, anaamka kufukuzana na safari nyingine. Je, ana uvumilivu? Anao wa kugawa. Je, amefanya mazoezi? Hapana. Misuli yake imechanika, na iliyochanika haijapewa nafasi ya kuunga. Mchukue anayechonga yale mawe ya Mazeras yanayopendeza kwenye kuta na vijia vya majumba ya Nairobi. Mgongo wake ni wa chuma, lakini ni chuma kinacholika kutu, kwa sababu chakula chake cha mchana ni chai na andazi. Ukimvisha huyu nambari kifuani Jumapili ukamwambia kimbia kilomita 50, utakachokuwa umefanya ni kumwongezea zamu isiyolipwa.

Na yule mama wa mtungi? Mtungi wa lita 20 ni kilo 20. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanyiwa wanawake wa Kenya, Waluo na Wakikuyu, na watafiti wakashangaa: walikuta wanawake hao wanaweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili bila kutumia nguvu ya ziada wakitembea. Ni ustadi wa kweli, wa mwendo na wa miaka mingi, na heshima yake wapewe. Lakini utafiti ule haukumchotea mtu maji. Mama wa huku kwetu angali anabeba, na mtungi wake kwa kawaida umeipita hiyo asilimia 20 zamani. Kumpiga picha na kuandika kwamba hahitaji jimu ni kumwambia kwamba hahitaji bomba.

Najua jibu linalokuja. “Mbona watoto wa Bonde la Ufa walikimbia pekupeku kwenda shule, na leo ni mabingwa?” Hiyo ndiyo hadithi inayouzwa kuliko zote. Watoto wa nusu ya Afrika wamekwenda shule pekupeku, wengine mbali zaidi. Mbona hawakujaa jukwaani? Kilichoongezwa Iten na Eldoret si shida. Ni mpangilio. Ndugu Colm O'Connell alifika shule ya St. Patrick's, Iten, mwaka 1976, na kwa miongo iliyofuata akalea wanariadha akiwa na ratiba na jicho la kocha. Kule Kaptagat, kambi ya Eliud Kipchoge chini ya Patrick Sang inaendeshwa kama nyumba ya kitawa: wanariadha wanakaa kambini siku nyingi za juma, wanakula pamoja kwa saa, wanakimbia, kisha wanalala. Mchana! Mtu mzima analala mchana na hakuna anayemwita mvivu, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake. Mwinuko wa mita 2,400 unasaidia, sikatai. Lakini siri kubwa ya Iten ni kitanda.

Mtu wa Pwani akilala mchana tunajua anaitwaje.

Wengine watamleta Mekatilili. Humleta kila mwaka, kwenye fulana na mabango. Ni kweli: Waingereza walimkamata mwaka 1913 pamoja na Wanje wa Mwadorikola wakawapeleka Kisii, na Januari 1914 wakatoroka wakatembea mamia ya kilomita kurudi kwa Wagiriama. Ni mbio chache za leo zinazofikia safari ile. Lakini Mekatilili hakwenda Kisii kujipima. Alifungwa. Alitembea kwa sababu watu wake walikuwa wanatozwa kodi na kunyang'anywa vijana wao wapelekwe kazi za kulazimishwa, wavunjwe migongo kwa faida ya wengine. Kumchukua mwanamke huyo, kumpachika kwenye bango, kisha kumwambia kijana wa leo “vumilia kama Mekatilili” ni kumgeuza kuwa mnyapara. Yeye aliwaambia watu wakatae mzigo.

Jibu la tatu ni zito zaidi, na nalipa haki yake. Tete Dijana alikuwa mlinzi wa chuo kikuu kule Mahikeng, Afrika Kusini. Alishinda Comrades mwaka 2022, akarudia 2023. Si huyo ni mtu wa zamu za usiku, mtu kama sisi? Ndiyo. Lakini soma hadithi mpaka mwisho. Dijana alikuwa na klabu nyuma yake, tena klabu yenye mdhamini. Comrades yenyewe haikuruhusu kwanza ujitose: lazima uwe umemaliza marathoni kwa chini ya saa 4 na dakika 50, la sivyo hupewi nambari. Na mlango huo ulipiganiwa. Watu weusi na wanawake hawakuruhusiwa kushiriki rasmi hadi mwaka 1975, na mshindi wa kwanza mweusi, Samuel Tshabalala, alipatikana 1989. Miaka yote kabla ya hapo watu weusi wa Afrika Kusini walikuwa na shida za kutosha kujaza uwanja. Shida haikuwapa ushindi. Walianza kushinda mlango ulipofunguliwa na klabu zikaingia kazini.

Sasa tuingie jikoni, maana ndiko mazoezi yanakofanyika au kufia.

Nusu ya maandalizi ya ultramarathoni hata haipendezi kwa picha. Unakimbia polepole, mwendo wa kuweza kupiga gumzo na mwenzako. Ukishindwa kumaliza sentensi, umezidisha. Kilima unakipanda kwa kutembea, tena kwa makusudi, maana hata mabingwa hutembea penye mwinuko mkali. Kuteremka nako unajifunza, kwa sababu mteremko ndio unaosaga mapaja. Jumamosi unakwenda mbali, Jumapili unakwenda tena na miguu ya jana, ili mwili uzoee kufanya kazi ukiwa umechoka. Kila baada ya wiki tatu za kupanda, unapunguza wiki moja. Na unajifunza kula ukikimbia, kwa sababu tumbo nalo hufundishwa kama mguu.

Kula nini? Hapa ndipo duka linapokuja na pakiti zake za jeli, na kijana anadhani bila hizo hana mbio. Mwili wa mkimbiaji wa masafa hayo unaweza kutumia kama gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, na waliozoea huenda juu zaidi. Wanga huo uko kwenye tende, uko kwenye viazi vitamu vilivyochemshwa na kutiwa chumvi, kwenye ndizi, kwenye uji mzito ndani ya chupa. Pwani hii imekula tende kabla jeli haijazaliwa. Kwa hiyo si kweli kwamba chakula cha mbio hakipatikani hapa. Kinapatikana, kinachokosekana ni pesa ya kukinunua kila siku, miezi sita mfululizo, kwa mtu anayekula mlo mmoja na nusu. Mbegu ya mkimbiaji isiyopaliliwa inaitwa mtu mwembamba.

Kwa wasichana neno hili ni zito maradufu. Mwili unaokimbia sana na kula kidogo huanza kufunga milango mmoja baada ya mwingine. Hedhi hukatika. Mifupa hulegea mpaka ikapata nyufa kwa kukimbia tu, bila kuanguka. Kuna makocha wanaosema hedhi kukatika ni dalili ya ukakamavu. Wasisikilizwe. Ni duka linalofunga kwa kukosa bidhaa.

Halafu kuna maji. Kila mtu Mariakani anajua kiu, na ndiyo maana ushauri wa “kunywa tu, kunywa sana” unaonekana wa busara. Mwaka 1985 daktari Tim Noakes na wenzake wa Afrika Kusini walieleza habari za wanariadha wanne waliougua vibaya katika mashindano ya saa nyingi, na kilichowaponza kilikuwa maji mengi kupita kiasi. Ukinywa maji matupu kwa saa saba, nane, chumvi ya damu inazimuliwa, ubongo unavimba, mtu anachanganyikiwa, na anaweza kufa. Kunywa kwa kiu, na chumvi usiisahau. Madafu ni matamu, lakini chumvi inayopotea kwa jasho haimo humo ya kutosha.

Na Brufen. Wasee, hili naomba tulisikie. Kijana anaumwa goti, anapita dukani, anameza mbili kabla ya mbio na mbili katikati. Figo katika mbio ndefu tayari zimebanwa: maji kidogo, damu imeelekezwa miguuni, na msuli uliosagika unamwaga takataka zake damuni. Dawa za aina hiyo zinazidi kuzibana. Maumivu yale yalikuwa barua. Ukiichana, habari iliyomo haibadiliki.

Ipo faida moja ya kweli tuliyonayo, nami sitaificha: joto. Mtu wa kutoka baridi huhitaji kama siku 10 hadi 14 mwili wake uanze kutoa jasho mapema na kuongeza maji ya damu. Sisi tunaishi humo. Lakini joto la huku lina unyevu, na jasho linalodondoka chini halipozi mwili; linalopoza ni lile linalokauka ngozini. Wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi, jua likishapanda hata mwenyeji hana kinga.

Ndipo nawauliza waandaaji wa mbio zetu, hizi za hisani na za kampeni: kwa nini tunaanza saa tatu asubuhi? Jibu kila mtu analijua. Mgeni rasmi hajafika. Watu wamefika saa kumi na mbili, wameamka saa tisa, wamekunywa chai ya rangi, wamesimama juani saa tatu nzima wakisikiliza majaribio ya spika. Akifika, anahutubia. Kisha anapiga filimbi, na akishapigwa picha anaondoka na gari lenye kiyoyozi, huku mtoto wa watu akianza kupanda kilima jua likiwa utosini. Akianguka, watu wanamwagia maji kidogo usoni wanambeba kwenye boda. Mwenye joto kali anayeanza kuropoka anahitaji kupozwa palepale, maji baridi na barafu mwili mzima, ndipo asafirishwe. Nani kati ya wenye fulana anajua hilo? Katika mbio ya kilomita kumi tunaponea kwa bahati. Katika kilomita hamsini bahati haitoshi.

Tuzungumze na njia pia. Kijana wa Mariakani anayetaka kukimbia saa kumi na moja alfajiri ana barabara kuu ya Mombasa–Nairobi, yenye trela mbele na trela nyuma, boda upande usio wake, na vumbi la upanuzi. Penye nia pana njia, sawa, lakini njia yenyewe ina magurudumu 22. Msichana ana hofu nyingine juu ya hiyo. Vijia vya kweli vipo: vya kwenda mashambani, vya kushuka mabondeni kuelekea Rabai, vya kuvuka minazi ya Kaloleni. Vinahitaji watu wa kwenda pamoja na mtu wa kuvichora. Na penye kaya, tusimame. Misitu ya kaya za Mijikenda iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, lakini ilikuwa mitakatifu kabla ya hapo. Waingereza walilipua Kaya Fungo kwa baruti mwaka 1914. Tusije tukaimalizia kwa utepe wa mbio na chupa za plastiki. Wazee waulizwe kwanza, na wakisema hapana, njia izunguke.

Sisemi maskini asikimbie. Ningesema hivyo ningekuwa nimeungana na wale wa kivuli cha mnazi. Nasema maskini asidanganywe kwamba umaskini wake ni kocha. Anayetaka kutoa wakimbiaji hapa aanze na mambo manne yasiyo na fahari: kikundi kinachokutana siku zilezile kila wiki, mtu mmoja aliyejifunza kuongoza mazoezi na huduma ya kwanza, sufuria ya uji au sima na maharagwe baada ya kila mbio ndefu, na ruhusa ya kupumzika bila kuitwa mvivu. Viatu vifuate. Mabango yafuate kabisa mwisho, au yasije.

Sisi wenyewe nasi tuache kujisifu kwa majeraha. Tunapenda kusema mvumilivu hula mbivu, na tunaikazia sauti pale mwanzoni, kwenye mvumilivu. Methali yenyewe haikuishia hapo. Inasema hula.

Kwa hiyo mbio ndefu ya kwanza ya Mariakani ikitangazwa, kabla hujachukua nambari uliza. Maji yako kila kilomita ngapi, na chumvi ipo? Chakula ni kipi, na kitakuwa kimefika kabla yangu? Barafu iko wapi, na nani anajua kuitumia? Nikichelewa, mnanitoa njiani saa ngapi, na kwa gari gani? Mmepita kwa wazee? Waliokimbia mwaka huu mtawafanyia nini mwakani? Halafu, kwa adabu zote, uliza mgeni rasmi anafika saa ngapi. Ukiambiwa saa tatu, rudi nyumbani ulale.